Mwenzetu anamwaga Giza la kichawi kila vita, sisi wengine tunapigaje?

KeteMbili
Wakuu salama? Naombeni msaada kabla hatujagombana rasmi. Tunacheza D&D toleo la tano (ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu), vile vitabu vya 2014, tuko wanne na DM (mwendesha mchezo), levo ya 3. Mmoja wetu ni woloki (mchawi wa mkataba) na kachukua ule uwezo wa Macho ya Ibilisi, yaani anaona kwenye giza lolote hata la kichawi mpaka futi 120, sasa vita ikianza tu anamwaga Giza, yeye anaona kila kitu anakula vichwa tu, sisi tumekaa kama kuku ndani ya tenga. Mimi ni mwizi wa upinde, kibeti, kwa hiyo macho ya gizani ninayo ila DM anasema humo hayafanyi kazi. Juzi nilikuwa humo ndani kanirushisha dadu kwa hasara (unarusha mbili, unachukua ndogo) kila shambulio, nimekosa mara nne mfululizo, na hao maadui nao hawanioni!! Ni sheria au naonewa? Na huyu woloki tumfanyeje.

mzee_wa_pande20
Kwenye macho ya gizani DM yuko sahihi, uchawi wenyewe umeandikwa hivyo, macho ya gizani hayapenyi na mwenge wa kawaida hauangazi kitu humo. Hata mwanga wa kichawi wa levo ya 2 kushuka ukigusana nalo unazimika.

Kwenye hasara ndo kakosea. Wewe humuoni adui, hapo una hasara sawa. Lakini na yeye hakuoni, na kumpiga asiyekuona kunakupa faida (unarusha mbili, unachukua kubwa), na faida ikikutana na hasara zinafutana, unarusha dadu moja basi. Na haziesabiwi, hata uwe na hasara tatu kwa faida moja bado zinafutana zote. Kwa hiyo vipofu wawili wakipigana ni kama mchana kweupe, anayepata na anayekosa ni silaha na bahati tu.

Alafu hapo kakudhulumu na pigo lako la kuvizia. Zikishafutana inahesabika huna hasara, kwa hiyo mwenzako akiwa ndani ya futi 5 za adui na bado yuko kwenye akili zake, zile dadu 2 za pande 6 za maumivu ya ziada ni haki yako. Mdai.

Shangazi_DM
Mzee kaeleza vizuri ila mimi hiyo sheria mezani kwangu naikubali nusu. Chukua upinde mrefu, ukipita futi 150 unarusha kwa hasara, mwisho 600. Sasa mpigaji yuko futi 500, mlengwa kaingia kwenye Giza, hamuoni hata kidogo, na kwa sababu mlengwa naye hamuoni mpigaji basi hasara ya umbali inafutwa!! Yaani kabla ya giza alikuwa anapata tabu, giza limeingia ndo analenga vizuri. Mimi hapo nasema ukiwa mbali hivyo husikii hata nyayo, chagua mraba kwenye gridi ya ramani ubahatishe. Karibu sibahatishishi mtu, maana kutoonekana sio kujificha, adui anahema, chuma kinagonga, mraba wake unaujua mpaka atumie zamu yake kujificha kweli.

Ila KeteMbili hapa hamjaona kinachouma zaidi. Giza haliuwi panga, linauwa macho. Uchawi wowote uliosema "kiumbe unayemuona" umekufa, kumgandisha mtu huwezi, kuvunja uchawi wa mwenzio unapotupwa huwezi, hata kuruka ghafla kwenda sehemu unayoiona huwezi kama uko ndani. Mpira wa moto unapita bila shida, ule unataka mahali tu. Na lile pigo la bure adui anapokukimbia linataka umuone, kwa hiyo ndani ya giza kila mtu anatoka atakavyo. Mimi nikiwa mchezaji nalitumia kukimbilia, si kupigania.

popo_mnyonge
Nachangia kama malighafi, maana huo uchawi unatengenezwa kwa manyoya yetu na tone la lami au kipande cha makaa 😂

Woloki wenu mwambieni asiliweke katikati ya watu. Ni duara la nusu kipenyo futi 15, kwenye gridi miraba sita toka upande hadi upande, linameza timu nzima. Aliweke juu ya jiwe alilolishika, asimame pembeni mbali na nyie, apige kutokea humo: yeye anawaona maadui kwa hiyo ana faida, wao wakimpiga wana hasara, nyie mko nje mnapigana kwenye mwanga. Mkibanwa, kwenye zamu yake anafunika jiwe na bakuli, giza linakatika papo hapo. Kufunika au kufunua ni bure mara moja kwa zamu, vyote viwili hapana asiwadanganye. Au aweke ukungu badala ya giza, atauona vilevile.

Shangazi_DM
@popo_mnyonge ukungu hapana. Macho ya Ibilisi ni ya giza, ukungu sio giza, humo atapofuka kama nyie wote. Hilo la jiwe nakubali. Na kumbukeni lazima ashike umakini ili Giza lidumu, mpaka dakika 10, akipigwa arushe dadu ya ustahimilivu, 10 au nusu ya maumivu ile iliyo kubwa, akishindwa limezimika. Levo ya 3 ana nafasi 2 tu za kutupa uchawi mpaka apumzike, nusu ya nguvu zake kaimwaga kwenye vita ya panya.

KeteMbili
Asanteni sana jamani. Nimempelekea DM, kakubali ile ya kufutana na kaniambia pigo la kuvizia ntalipwa kuanzia kikao kijacho, cha nyuma kimeshapita. Ya mishale ya mbali anaenda na Shangazi. Woloki kanuna kidogo ila la jiwe kalipenda, kaomba anunue bakuli kijijini, DM kamwambia la udongo sawa lakini akianguka nalo linavunjika, sasa wanabishana bei ya la shaba.