Wakuu mlio Ulaya: Halloween niende Prague au Edinburgh? Naomba ushauri wa haraka

Mgosi_Luton
Habari za jioni wakuu, niko Luton, Uingereza. Mchumba wangu kazaliwa 31 Oktoba, siku yenyewe ya Halloween, na kila mwaka analalamika kwamba tunaishia kula piza na kugawa pipi kwa watoto wa jirani. Safari hii anataka tutoke wikiendi, mji wa kutisha kwelikweli: makaburi, mahandaki, mizimu. Yeye moyo uko Prague, Jamhuri ya Czech. Mimi naona hata Edinburgh, huko Uskoti, panafaa. Bajeti ya kawaida, hatuna mtoto. Wenye uzoefu shusheni nondo. Sina muda, nahitaji kuamua wiki hii.

Bi_Mkora
Prague, usijiulize mara mbili. Kuna makaburi ya zamani ya Wayahudi, eneo dogo mno, wakawa wanazika tabaka juu ya tabaka, mawe yameegemeana kama abiria wa daladala. Hapo ndipo alipolala Rabi Loew, aliyefariki 1609, yule wanayesimulia kwamba alifinyanga jitu la udongo likatembea. Halafu panda treni, mwendo wa saa moja hivi, hadi Kutná Hora, kanisa la Sedlec. Ndani kumepambwa kwa mifupa ya watu zaidi ya elfu arobaini, na katikati inaning'inia taa ya mafuvu. Kupiga picha wamekataza. Mimi nilitoka nje nikakaa kimya hadi stesheni.

Mlokole_Imara
Kijana umetoka Tanga, mama yako anakuombea usiku na mchana, wewe unalipa nauli kufuata mapepo. Kama ni ufufuo, uutafute kanisani.

Katekista_Mtoro
Mlokole punguza munkari. Hiyo siku ni mkesha wa Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, na tarehe 2 tunawaombea marehemu. Huko Prague tarehe 2 watu wanajaa makaburini na mishumaa kwa ajili ya ndugu zao. Mambo ya vinyago na maboga kwao ni ya kuja juzi juzi. Mwenye kutaka Halloween yenyewe aende Uskoti au Ireland, ilikozaliwa. Walikuwa wanachonga tanipu, mzizi kama figili, kabla ya kujua boga.

Mpemba_Halisi
Nyie mnalipa paundi mtishwe? Mwaka 1995 Pemba, lile zimwi la usiku Popobawa lilipovuma, sisi tulilala nje, ukoo mzima, moto umewashwa, wazee wanasoma Qur'ani hadi alfajiri. Babu yangu hakuwa mtu wa kuogopa kitu, lakini usiku ule alibeba mkeka wake mwenyewe. Hakuna aliyetuuzia tiketi.

Nyumbu_Mtata
Mgosi, Amboni kwenu mapango yapo, unayaacha. Au njoo Gamboshi, kijiji kinachosifika kwa uchawi, ukirudi na akili zako nitakurudishia nauli 😂

Kisu_Kikali
Mleta mada, mbona mchumba anataka Prague, Bi Mkora kasema Prague, na wewe unang'ang'ania Edinburgh? Kuna kitu. Una pasi ya wapi?

Mgosi_Luton
Ya Bongo. Ila hiyo si shida mkuu, nina viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia mara nyingi, bado hai. Turudi kwenye mada, hoteli Prague zikoje?

Kisu_Kikali
Sijakuuliza ya kwenda. Nauliza ya kurudi UK.

Mgosi_Luton
Sawa. Viza ya hapa iliisha mwezi wa nane, ila niliomba kuongezewa kabla haijaisha. Nasubiri jibu. Kwa hiyo niko kihalali kabisa, kazini naenda, kodi nalipa. Ni suala la siku tatu tu.

Kisu_Kikali
Nilijua. Sikiliza vizuri. Uko kihalali kwa sababu ombi lako liko mezani. Ukitoka nje ya UK, Ireland na vile visiwa vya jirani kabla hujajibiwa, ombi linahesabika umeliondoa mwenyewe. Ule uhalali ulioubeba unakatika siku hiyo hiyo. Utakwama Prague na begi la wikiendi, uanze kuomba upya ukiwa nje. Paris ni hivyo hivyo.

Bi_Mkora
Uwiii. Basi mimi nafuta ushauri wangu.

Mgosi_Luton
Kuna jamaa yangu alitoka akarudi, hakuulizwa kitu. Na tiketi za ndege nimeshalipia, hela hairudi. Pia mchumba nilimwambia viza imetoka tangu Septemba, ili asihangaike. Yeye ana pasi ya Uingereza, haya mambo hayajui. Ndiyo maana nilitaka mniambie Edinburgh ni bora, nimwonyeshe uzi.

Dada_wa_Hull
Kaka! Kumbe unatafuta mashahidi, siyo ushauri.

Shemeji_Mkubwa
Huyo jamaa yako ombi lake lilikuwa limeshajibiwa. Uliza tena.

Mchokonozi
Wakuu mnakunywa chai ya uongo bila kujua. Mtu akiomba kuongezewa viza, pasi si inakaa serikalini? Angesafiri na nini? Halafu eti mchumba kazaliwa Halloween, eti ana Schengen. Huyu anatafuta umaarufu. Mods fungeni.

Nyumbu_Mtata
Na mimi nilihisi sukari imezidi.

Mlokole_Imara
Uongo nao una baba yake.

Dada_wa_Hull
Mchokonozi, hiyo ni habari ya zamani. Siku hizi wengi wanaskani pasi kwa simu na kubaki nayo nyumbani. Hata kadi ya ukaazi imeondolewa, kila kitu kiko kwenye akaunti ya intaneti. Ndiyo maana watu wanajisahau: pasi iko kabatini, wanadhani wako huru.

Mchokonozi
Sawa, na ile Schengen?

Mgosi_Luton
Niliipata mwaka jana, wakati viza ya hapa ilikuwa na muda mrefu. Mkuu sina sababu ya kutunga.

Mchokonozi
Mtunzi naye angejibu hivyo hivyo. Ila haya, niko paleee nasoma.

Katekista_Mtoro
Akiwa wa kweli ama wa kutunga, Dublin nayo asiiguse. Kwenda Ireland hakufuti ombi lake, lakini Mtanzania anahitaji viza yao. Derry iko Ireland ya Kaskazini, hiyo ni UK. Wanafanya tamasha kubwa la Halloween tangu miaka ya 1980 na kuta za mji ni za karne ya 17. Asizubae tu kwenye basi akajikuta amevuka mpaka.

Shemeji_Mkubwa
Edinburgh bwana, hiyo ni humu humu UK. Treni kutoka stesheni ya King's Cross, London, ni mwendo wa saa nne na nusu hivi. Katikati ya mji kuna Mary King's Close, vichochoro vya watu vilivyofunikwa na jengo lililoanza kujengwa 1753. Unashuka na mwongozaji. Chini ya daraja la South Bridge kuna vyumba walimoishi maskini bila jua. Kwenye makaburi ya Greyfriars utaona vizimba vya chuma, ndugu walifungia maiti zao zisiibwe zikauzwa kwa madaktari. Burke na Hare hawakuhangaika hata kufukua: mwaka 1828 waliua watu 16 na kuuza miili. Burke alinyongwa 1829, na mifupa yake hadi leo iko makumbusho ya chuo kikuu. Mchumba akitaka mifupa, ipo.

Bi_Mkora
Na tarehe yenyewe wana tamasha la moto la Samhuinn. Kata tiketi mapema na vaa koti la maana, baridi ya kule haina utani.

Mgosi_Luton
Nashukuru. Ila ile ndege ya Prague, mnaonaje mchumba akienda na dada yake, mimi nikasema kazini wamenibana? Hela isipotee bure.

Dada_wa_Hull
Siku ya kuzaliwa kwake, wewe usiwepo, kisa paundi za tiketi. Mwambie hali ya viza kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Kisu_Kikali
Na uzi huu usimwonyeshe.

Mpole_wa_Reading
Samahani naingilia. Mke wangu naye ameomba kuongezewa, na wiki ijayo anaruka Nairobi msibani. Tumeshakata tiketi. Hiyo ya kuhesabika umeliondoa ombi ni hata kwa msiba?

Kisu_Kikali
Hata kwa msiba. Asiondoke bado, tafuteni wakili wa uhamiaji kesho asubuhi. Nakuja PM.