Kompyuta ya dashibodi inazimika kila nikivuka feri

Mwana Likoni: Assalam aleikum ndugu zangu. Nina Probox ya marehemu baba. Redio yake ilipokufa nikaamua kuunda kompyuta mwenyewe: Raspberry Pi 4 (kikompyuta cha bodi moja), skrini ya kugusa ya inchi 7, na flashi yenye taarab nilizozitoa kwenye kanda zake. Fremu nimeikata kwa msumeno wa chuma, nikaipiga msasa siku mbili mpaka ikakaa palepale ilipokuwa redio. Umeme nauchukua kwenye tundu la kiberiti kwa chaja ya simu.

Shida ni feri. Kwenye foleni nazima injini, nafungua swichi nusu nisikilize, foleni ikisogea nawasha. Nikipiga stata tu, skrini nyeusi, inaanza upya. Juzi nimeshuka upande wa mjini haikuamka kabisa, maandishi meupe tu. Memori kadi inayobeba mfumo wa Pi imeharibika, ya pili mwezi huu. Fundi mmoja kaniambia ninunue betri mpya. Kweli ni betri?

Fundi Waya, Changamwe: Waaleikum salaam. Usinunue kitu kabla hujapima. Weka mita kwenye betri, mtu apige stata, uone inashuka mpaka ngapi. Kisha pima lile tundu. Magari mengi hulikata umeme funguo ikiwa kwenye stata, na hapo hata betri ya jana haikusaidii. Tena Pi 4 yataka volti 5, ampea 3. Ukiona alama ya radi ya manjano pembeni mwa skrini, chaja haifiki.

Mwana Likoni: Nimepima. 12.5 injini ikiwa imezimwa, 10.3 kwenye stata, 14.2 ikiunguruma. Stata ikipigwa, tundu limesoma sifuri. Sifuri kabisa! Na hiyo radi naiona tangu siku ya kwanza, nilidhani yaonyesha inachaji.

Fundi Waya, Changamwe: Basi betri yako nzima. Vuta waya kutoka kwenye betri yenyewe, fyuzi ya ampea 5 iwe hapohapo karibu na betri. Ukiiweka kwenye dashibodi, waya ukichunika njiani fyuzi haikulindi. Tafuta kipunguza volti cha magari chenye waya wa tatu wa kuhisi swichi. Ukizima gari, kinaiamrisha Pi ijifunge taratibu, halafu ndipo kinakata, vinginevyo itakunyonyea betri usiku kucha. Kiwe na subira ya sekunde kadhaa kabla ya kutoa amri, stata isije ikakidanganya.

Mama Basi, Nyali: Mimi yangu iko kwenye gari la watoto wa shule, mwaka wa pili huu. Mwanangu, ingia raspi-config, yaani menyu ya mipangilio ya Pi, uwashe overlay: kadi inakuwa ya kusomwa tu, haiandikwi. Tangu hapo sijapoteza kadi. Na uitoe Pi nyuma ya skrini. Gari likianikwa juani Mwembe Tayari, pale ndani ni tanuri, na ikifika nyuzi 80 inajipunguza kasi yenyewe. Yangu iko chini ya kiti. Soketi nazichomoa kila miezi mitatu nikazisugua kwa spiriti, maana hewa yetu ya chumvi inaziotesha kutu ya kijani.

Mwana Likoni: Shukran sana nyote. Taarab zina nakala nyumbani, alhamdulillahi. Jumamosi nafungua dashibodi. Mama, waya wa skrini umeupitisha wapi?

Mama Basi, Nyali: Chini ya zulia, upande wa abiria. Usiupitishe karibu na kanyagio hata kidogo.