Kiwanda cha alizeti Kizota: uniti zimeshuka, demandi haishuki

FundiKizota
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Leo bosi kaniita, ankara tatu mkononi. Uniti zimepungua maana mbegu zimeadimika, lakini demandi, yaani kilele cha umeme tunachovuta kwa mwezi, iko palepale: kVA 417. Nimepima mzigo ukiwa juu kabisa, nikapata kilowati 300. Bosi aliamuru tuwe tunawasha mashine moja moja. Mwezi mzima tumefanya hivyo, namba haijasogea. Sasa anataka taa zote ziwe za LED. Taa zenyewe hazifiki kilowati 4! Nianzie wapi?

Mzee_wa_Mota
Kijana, achana na taa. Gawanya 300 kwa 417 unapata 0.72. Hiyo ndiyo pawa fakta yenu, yaani sehemu ya umeme mnaovuta inayofanya kazi kweli, na ndiyo inayowaumiza. Kuwasha moja moja kunasaidia mikanda na kontakta (swichi za mota), ila mshtuko wa kuwasha ni wa sekunde chache, na mita ya demandi husoma wastani wa dakika kadhaa, mara nyingi nusu saa. Hauonekani humo. Ukifika 0.95, kilowati 300 zilezile zitasomeka kVA 316.

Unahitaji kapasita, vifaa vya kuinua pawa fakta, za kama kVAr 190 (kVAr ndiyo kipimo cha ukubwa wake), zenye kidhibiti cha kuziingiza na kuzitoa kwa hatua. Mkizima mashine usiku kapasita zikabaki zimeunganishwa, volti hupanda. Na usizifungie kwenye chumba cha mabati kisicho na hewa. Joto la Oktoba hapa Dodoma linaziumua kama maandazi, nimeshazika za kutosha.

Mota za ekspela, hizo mashine za kukamua, ni za kilowati ngapi?

FundiKizota
Shikamoo mzee. Ziko 5, kila moja kilowati 55. Mbegu zikiingia vizuri inavuta kilowati 30 hivi. Moja imeshasukwa upya waya zake mara tatu.

Mzee_wa_Mota
Marahaba. Umejijibu. Mota inayobeba nusu ya uwezo wake, pawa fakta lazima ishuke. Hiyo iliyosukwa mara tatu ikiungua tena usiirudishe kwa msukaji, fikiria mota ya kilowati 37. Ila pima wiki nzima kwanza: ekspela ikikwama na mashudu inataka msuli wa kuanzia. Na zile siku mbegu hazipo, mnazima au zinazunguka tupu mkipiga soga?

DadaKompresa
Niongezee, niko kiwandani Singida. Jumapili zima kila kitu, acha kompresa (mashine ya kujaza upepo) peke yake, shika saa. Hakuna anayetumia upepo, kwa hiyo kila dakika inayojaza ni uvujaji. Sisi tulipaka maji ya sabuni kwenye maungio, mapovu yakatuonyesha matundu 11, mengi kwenye mipira ya kuunganishia. Halafu shusha presha kutoka baa 8 hadi 7 kama vifaa vinaruhusu, kompresa itakula pungufu kwa asilimia 7 hivi.

FundiKizota
Nimerudi. Kompresa yetu ya kilowati 37 imejaza dakika 4 katika kila 10, kiwanda kimelala! Bosi alikuwepo, akausikia mluzi kwa masikio yake nyuma ya mashine ya kujaza madumu. Ameniambia nilete bei ya kapasita. Kuhusu mashine kuzunguka tupu, mzee, hapo sina la kusema.

Taa za LED ameshaziagiza.