Mjadala: Kitabu cha watoto kikilalamikiwa maktaba ya umma, nani akitoe rafuni na kwa utaratibu gani?

Mkutubi, Mtwara Mjini

Wadau, natangulia kusema msimamo wangu. Kitabu cha watoto kisitoke rafuni kwa neno la mdomo, awe amelitamka mzazi, shehe, padri au mkuu wa idara. Anayetaka kitolewe aandike kwenye fomu. Kisomwe chote na kamati, uamuzi uandikwe na sababu zake, na karatasi hiyo ikae kwenye faili ambalo mwananchi yeyote anaweza kuomba kulisoma.

Nasisitiza kuandika kwa sababu vitabu vingi huondoka bila marufuku yoyote. Mtu analalamika kaunta, mhudumu anaogopa, kitabu kinaingia kabati la ofisini "kwa muda". Rejista inasema kipo, katalogi inasema kipo, mtoto akikitafuta hakioni. Ikifika Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, vitabu vinahesabiwa na kile kinaandikwa kimepotea. Hakuna aliyekitoa, kwa hiyo hakuna wa kumkatia rufaa.

Mbaya zaidi ni kuficha ukurasa. Vitabu vingi vya Kiswahili vya watoto vina kurasa 24 au 32 za karatasi nyepesi. Ukipaka picha moja wino mzito, unapenya na kuua maandishi ya upande wa pili. Ukichana karatasi moja kwenye kitabu kilichobanwa pini katikati, pacha yake ya upande wa pili wa pini inalegea na kudondoka kikishaazimwa mara chache. Umeuchukia ukurasa 1, umepoteza 4.

Mzazi, Mikindani

Mkutubi, nakuheshimu, ila unazungumza kana kwamba kila mtoto anaingia maktaba kashikwa mkono. Wetu wanaingia peke yao wakitoka shule. Kuanzia Oktoba hadi Desemba kaya nyingi zinashughulika na korosho, mzazi yupo shamba au ghalani. Mtoto wa miaka 9 amesimama mbele ya rafu, na mtu mzima pekee aliye karibu naye ni wewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Kitabu chenye picha zisizofaa kikae rafuni mwezi mzima eti kamati inasoma, hapo kilichotangulia ni utaratibu.

Halafu kuna jambo hamlisemi. Kitabu kilipoingia, mzazi hakuulizwa. Kwa nini kukitoa ndiyo aandike barua?

Mkutubi mstaafu, Lindi

Mzazi kagusa penyewe. Ugomvi wa kutoa kitabu mara nyingi ni deni la siku kilipopokelewa. Vitabu vingi vya watoto vya Kiingereza kwenye maktaba zetu ni vya msaada kutoka nje, vinakuja kwa maboksi. Kinachoharibika ni haraka: boksi linafunguliwa, vitabu vinapigwa mhuri na kupewa namba, vinapangwa rafuni kwa kuangalia jalada. Jalada lenye katuni linapelekwa kwa watoto wadogo, kumbe ndani ni hadithi ya vijana wa miaka 14.

Kitabu cha picha chenye kurasa 32 kinasomwa chote kwa dakika 10, hakuna udhuru. Cha kurasa 200 soma maelezo ya jalada la nyuma, sura ya kwanza, sura moja ya katikati na ya mwisho, kisha andika umri kwa penseli ndani ya jalada *kabla* ya kupiga mhuri. Kikishapigwa mhuri na kuingia rejistani ni mali ya umma, na mali ya umma haifutwi kwenye hesabu bila kibali. Mhudumu anayekichoma au kukigawa ili kumridhisha mlalamikaji anajitafutia hoja ya ukaguzi.

Mwalimu wa msingi, Newala

Tusisahau kilichotokea Februari 2023. Wizara ya Elimu, Waziri akiwa Profesa Adolf Mkenda, ilipiga marufuku vitabu 16 kutumika shuleni na kwenye taasisi za elimu kwa maelezo kwamba vinakiuka mila na desturi zetu. Vingi vilikuwa vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney, hadithi za Kiingereza zenye katuni, ule ulioanza kuchapishwa kama kitabu mwaka 2007. Ninachouliza: Bodi ya Huduma za Maktaba iko chini ya wizara hiyohiyo. Maktaba ya mkoa itasema vipi agizo haliihusu, wakati wasomaji wake wa mchana ni wanafunzi wetu wakiwa na sare?

Mkutubi, Mtwara Mjini

Mwalimu, agizo lilitaja shule na taasisi za elimu. Bodi ina sheria yake ya mwaka 1975 na inahudumia kila mtu, wakiwemo wazazi wanaotaka kusoma kitabu hicho ili wajue kinasemaje. Kutoka agizo la shule mpaka rafu ya umma kuna hatua, na hatua hiyo iandikwe na Bodi yenyewe, isikisiwe na mhudumu wa kaunta. Likija andiko, linatekelezwa na linawekwa kwenye faili. Lisipokuja, kitabu kinaweza kuhamia rafu ya watu wazima kwa utaratibu.

Kuhamisha nako kuna pa kuteleza. Badilisha sehemu 4: rejista, katalogi, lebo ya mgongoni mwa kitabu na kadi ya mfukoni, ile ya kwenye kifuko ndani ya jalada. Ukiisahau kadi ya mfukoni, msaidizi anayerudisha vitabu jioni atakipeleka palepale kwa watoto. Na msitegemee stika ya rangi peke yake. Kwa joto na unyevu wa pwani gundi inaachia, na ile nyekundu ndiyo watoto wanaikimbilia kwanza.

Somo wa unyago, Tandahimba

Wanangu, mnazungumzia katuni za Kiingereza ambazo watoto wengi wa huku hawazisomi. Ugomvi wa kweli upo kwenye vitabu vya Kiswahili vya balehe. Wapo wanaosema mambo hayo ni ya unyagoni, hayakai kwenye rafu. Mimi ni somo, nafunda wali, yaani wasichana wanaoingia unyagoni, na nasema wanachanganya mambo mawili.

Siri za unyago, yaani nyimbo zake, alama zake na yale ya ndani, kweli hazitolewi nje, na mwandishi akizianika kwa watoto nitapinga hadi mwisho. Hedhi na usafi wake, mwili kubadilika, kumkataa mtu mzima anayemshika mtoto, hayo hayajawahi kuwa siri. Mada ya balehe ipo hata kwenye somo la Sayansi la shule ya msingi. Siku hizi wali wanachezwa likizo ya Juni au Desemba, siku zenyewe chache. Mtoto anavunja ungo Machi, somo yupo mbali, maktaba imefunga kitabu kabatini. Amuulize nani?

Mzazi, Mikindani

Mama, hapo nimekuelewa, na cha balehe sitakipinga kikiwa na michoro ya staha. Lakini kipo wapi? Kisichanganywe na hadithi za sungura.

Mkutubi mstaafu, Lindi

Kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, hakichanganyiki. Uzazi wa binadamu ni 612.6, hadithi za mapokeo ni 398.2, fasihi ya Kiswahili 896.392. Vinachanganyika pale maktaba inapoacha namba na kupanga kwa ukubwa wa kitabu ili rafu ipendeze.

Niongeze hili la Kiswahili, maana linaniuma. Ukitoa kitabu 1 cha Kiingereza kwenye rafu iliyojaa misaada, pengo halionekani. Cha Kiswahili juu ya mada kama balehe huenda ndicho pekee maktaba nzima. Adhabu ya kukiondoa si sawa, na kamati ilipime hilo.

Mwalimu wa msingi, Newala

Basi tuambiwe hiyo fomu ina nini. Marekani wana fomu za namna hii miaka mingi, na bado mwaka 2023 Chama cha Maktaba cha huko kilihesabu majina 4,240 tofauti ya vitabu yaliyolengwa kuondolewa au kuzuiwa shuleni na maktaba, kutoka 2,571 mwaka 2022. Fomu haikuzuia.

Mkutubi, Mtwara Mjini

Kwa sababu huko mtu mmoja au kikundi kinaleta orodha ya makumi ya vitabu kwa mpigo, na kamati inazama. Ndiyo maana fomu yetu iwe ya kitabu kimoja na mlalamikaji mmoja mkazi wa mkoa. Iwe na jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), na kurasa zinazolalamikiwa kwa namba. Umekisoma chote? Unaona kinamdhuru mtoto wa umri gani, na kwa namna gani? Unataka kiachwe, kihamishwe, kiazimishwe kwa idhini ya mzazi, au kiondolewe? Mlalamikaji asiyejua kuandika asomewe na aandikiwe hapohapo kaunta, asirudishwe.

Kamati iwe ya watu 5 ili kura isigande: mkutubi, mwalimu wa msingi, ofisa ustawi wa jamii, wazazi 2. Anayependekeza kitabu kibaki rafuni wakati kamati inakisoma anafikiria maktaba yenye nakala nyingi. Sisi mara nyingi tuna 1, na kamati ikiondoka nayo tayari kimeondolewa. Kwa hiyo kisomewe palepale maktaba, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana watoto wakiwa darasani, na saa 8 kiwe kimerudi. Siku 21 zinatosha.

Anayedhani haya ni mambo ya kuiga asome kifungu cha 17 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliridhia mwaka 1991. Kinataka vitabu vya watoto vichapishwe na kusambazwa, na papo hapo kinataka miongozo ya kumlinda mtoto dhidi ya vinavyomdhuru. Miongozo, maana yake iliyoandikwa.

Mzazi, Mikindani

Fomu nakubali. Kamati nakubali, ila wazazi wawe 3, maana mkutubi aliyekipokea kitabu asikipigie kura. Kitabu cha picha kukaa rafu ya chini siku 21 bado sikubali. Kihamie kaunta.

Mkutubi mstaafu, Lindi

La mkutubi kutopiga kura lina haki, awe katibu tu. Kaunta nayo sawa kwa vya picha peke yake, kwa masharti. Anayekiomba apewe bila kuhojiwa sababu, rejista iandikwe "kaunta" na tarehe. Siku ya 21 ikipita bila uamuzi, kinarudi rafuni siku hiyohiyo bila kusubiri kikao kingine.