Mafuriko ya Msimbazi: ni mvua au ni sisi?

Wakuu, salaam. Juzi kwenye kahawa mtaani mzee mmoja alisema mafuriko, matetemeko na maporomoko yote ni kazi ya asili, binadamu anasingiziwa tu. Kijana aliyekaa pembeni akabisha: yote ni mkono wetu, tumekata miti na kuchafua hewa. Tukaachana kila mtu na lake. Nauleta mjadala hapa.

Mzee ana hoja. Septemba 10, 2016 ardhi ilitetemeka Kagera kwa ukubwa wa 5.9, na huko chini mabamba ya ardhi yalikuwa yakiachana kabla hajazaliwa mkata mkaa yeyote. Katesh nako, Desemba 3, 2023, kipande cha Mlima Hanang chenye miamba laini kilikunywa mvua hadi kikameguka. Tope na mawe vikaua watu zaidi ya 80.

Lakini mimi nimekulia Kigogo, Dar es Salaam, na habari za mto Msimbazi sikusimuliwa. Mto unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Tabata, unatokea Jangwani kwenda baharini. Bonde lile ni lake. Mvua kubwa ikija unajitanua, ndivyo ulivyo siku zote. Sisi tumeujengea ndani. Tumemwaga kifusi kwenye kingo ili kiwanja kiongezeke hatua mbili, tumechimba mchanga hadi kingo zikalegea, na taka tunasubiri wingu lifunge ndipo tuzisukumie mtaroni. Desemba 2011, mvua zilizoua watu zaidi ya 40 Dar, kwetu maji yalifika usawa wa swichi ya taa. Mama alipandisha godoro juu ya kabati, kabati lenyewe likaelea. Hadi leo ukikwangua rangi ukutani, mstari wa tope uko pale pale.

Na baba hakuvamia. Alinunua, mashahidi wakasaini, hakuna aliyefungua mdomo kumwambia hapa ni mkondo wa maji. Baada ya yale mafuriko serikali iliwapa watu viwanja Mabwepande, mbali pembezoni mwa jiji, na wapo waliorudi bondeni. Msiwaite wabishi kabla ya kupiga hesabu ya nauli: kibarua kiko Kariakoo.

Kwa hiyo mimi nasema mvua ni ya asili, vifo vingi vya bondeni ni vyetu. Kijana naye namuunga mkono kwamba joto la dunia linazidisha mvua kubwa, ila hewa hiyo imechafuliwa zaidi na nchi za viwanda, na sisi wa Kigogo hatuna pa kuishika. Mtaro tunaweza kuuzibua hata kesho asubuhi, na anayeuza kiwanja mtoni tunamjua kwa sura.

Mnaonipinga, karibuni. Na wenyeji wa Katesh na wa Bukoba kule Kagera nawaomba hasa: nyumba zilizoanguka kwenu zilijengwaje, na zilizosimama je?