Mrejesho: Maboga ya Halloween na watoto, vidole vyote vipo

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kuchonga maboga ya Halloween (ile sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambapo watu huchonga uso wa kutisha kwenye boga na kuweka taa ndani) na watoto wadogo bila mtu kujikata, na boga lisioze kabla ya siku hiyo. Tuko Ohio, Marekani, na mwaka huu watoto walinibana kweli kweli.

Asanteni sana. Aliyesema nikate tundu chini badala ya juu, Mungu akubariki: taa ya betri tuliiweka sakafuni, tukaifunika na boga, basi. Kisu nilishika mimi tu. Mkubwa alipewa kale kamsumeno kadogo ka kuchongea. Mdogo alichora macho kwa kalamu ya wino mzito, kisha akakomba nyuzi na mbegu kwa kijiko, zingine zikaishia kwenye nywele. Upande wa uso tuliukwangua kwa ndani hadi ukabaki kama sentimita 2.5, msumeno ukapita kirahisi.

Mafuta ya mgando kwenye kingo yalisaidia nusu nusu. Mdomo haukunyauka haraka, ila ndani ukungu ulianza kabla ya siku yenyewe. Halafu kindi wakatafuna jicho moja. Pilipili mliyosema ninyunyize? Hawakujali kabisa. Mdogo anadai sasa ndiyo linatisha vizuri.

Mbegu tumezikaanga na chumvi, zimeisha siku hiyo hiyo. Boga lenyewe msihangaike kulipika, haya makubwa ya kuchonga ni majimaji matupu. La kula nunueni yale madogo matamu.