Siklameni ya Troodos kwenye ufa wa mwamba, ilifikaje pale?

Mpandamilima: Wakuu, salamu. Jana nilikuwa milima ya Troodos, Kupro. Kando ya njia, chini ya mwaloni, nikakuta vijiua vyeupe vimechomoza kwenye ufa wa mwamba, petali zimelazwa nyuma kama masikio ya sungura anayekimbia. Nikasogeza pua: harufu tamu! Kila petali chini ina alama ya zambarau, imekaa kama herufi M. Majani hakuna hata moja. Zinafanana na siklameni za vyungu ila ni ndogo mno. Ndiyo hizo? Na ufani mle mbegu iliingiaje?

Kiazi Kikavu: Hiyo M imemaliza ubishi: Cyclamen cyprium. Porini haipatikani popote isipokuwa Kupro, na tangu 2006 ndiyo ua la taifa. Za vyungu zimetokana na ndugu yake, Cyclamen persicum. Majani yatakuja. Hii huchanua vuli, mara nyingi kabla majani hayajatanuka. Yakitoka, pindua moja uone tumbo lake lilivyo jekundu la zambarau. Kiangazi chote imejificha kiazini, chini ya udongo.

Ya ufani ni kazi ya sisimizi. Ua likishatunga tunda, kikonyo hujisokota kama springi, kinalivuta tunda hadi chini. Likipasuka, mbegu zina utandu mtamu unaonata. Sisimizi wanazikokota hadi kiotani, wanakula utamu, mbegu wanaiacha. Wakijenga ufani, basi nayo inaota ufani.

Bi Vyungu: Mie niliiotesha kwa mbegu, nikaiua kwa huruma. Julai majani yakanyauka, nikadhani ina kiu, nikamwagilia kila siku. Kuja kufukua, kiazi kinabonyea kama nyanya iliyooza. Kumbe ilikuwa imelala tu!

Mpandamilima: Pole sana Bi Vyungu. Sasa chini ya ule mwaloni ziko nyingi, nikichimba kiazi kimoja tu?

Kiazi Kikavu: Usithubutu, mkuu. Spishi zote za siklameni zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo kuvuka mpaka na kiazi cha porini ni kujitafutia kesi. Nunua mbegu, zifukie zikae gizani kabisa maana mwanga huzizuia kuota, kisha subiri kama miaka 3 uone ua la kwanza.

Mpandamilima: Miaka 3! Haya, kiazi nimekiacha. Ila nitarudi pale Januari, hiyo springi lazima niione kwa macho yangu.